Matundu ya Bampa

Siku fundi Kioo alipoondoka duniani, mtaa ulijua kwa masikio kabla ya macho. Mashine yake ya kung'arishia vyuma ilikuwa na mlio wake, mwembamba, kama mbu aliyefungiwa ndani ya chupa, na watu walikuwa wameuzoea hadi watoto wachanga walilala nao. Asubuhi ile mashine ilivuma kidogo, ikazimwa. Ukafuata mshindo mmoja mzito uliotikisa mabati ya nyumba za jirani. Kisha kimya.

Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alisema kilichomkimbiza ni kile kimya, si mshindo. Mishindo aliizoea, matairi ya malori yalipasuka pale kila mara. Alimkuta fundi chali kando ya benchi, miwani ya kuchomelea ingali usoni, na bomba la gesi likiwaka peke yake sakafuni kama mshumaa uliosahauliwa. Akaifunga gesi. Akatafuta kitu cha kumfunika akakosa, akavua shati lake.

Mpelelezi alipofika, shati lile bado lilikuwa pale. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, asiyependa kuingia mahali kwa pupa. Alisimama mlangoni akatazama: benchi, jiwe la kunolea, magurudumu ya kitambaa yaliyotundikwa ukutani, pipa la asidi lenye kifuniko cha mbao, pipa la maji ya magadi. Mitungi miwili ya gesi ilisimama kwenye kona, mizima, haina hata mchubuko.

"Si mtungi," alimwambia askari aliyekuwa naye.

"Kila mtu anasema ni mtungi, afande."

"Kila mtu hajautazama."

Kilichopasuka kilikuwa bampa. Lilikuwa limefungwa kwenye jiliwa la kubania vyuma benchini, bomba nene lililokunjwa vizuri ncha zote mbili, na ncha ya kulia ilikuwa imefunguka kama ganda la ndizi.

Kabla jua halijazama, ndugu wa marehemu alijileta kituoni kwa miguu yake. Walimwita Msasa, kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa hakupiti bila kukukwaruza. Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito. Alisimama mbele ya kaunta akasema, "Nimemuua kaka yangu. Nifungeni."

Wakamfunga. Mpelelezi ndiye aliyetia saini. Hadi watu wanaamka siku ya pili, habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima kwamba wale ndugu wawili waliokuwa hawaishi kugombana, mmoja amemmaliza mwenziwe.

*

Mpiga kromu aliitwa karakana asubuhi. Alikuwa mtu mnene mwenye vidole vilivyobadilika rangi kwa dawa za kazi yake, na kwa miaka mingi vyuma vyote vya Kioo vilikwenda kwake kuvishwa kromu. Aliingia akitania, kwa mazoea.

"Mmeniita mimi? Mimi nimezoea kuletewa bampa, si kufuata bampa." Halafu akaliona lile doa sakafuni, akavua kofia.

"Nieleze kazi yenu," Mpelelezi alisema. "Taratibu, kama unamwambia mtoto."

"Kazi yangu si kubwa, afande. Kazi ya kromu inaisha kabla haijafika kwangu. Watu wanadhani kromu ni rangi. Rangi inasitiri, kromu ni mbea. Ukiacha mkwaruzo mmoja, kromu inautangaza mtaa mzima. Ukishika chuma kwa mkono mtupu baada ya kukisafisha, alama ya kidole inabaki mpaka siku ya kiyama. Kwa hiyo unasugua. Unaanza na msasa mkali, unakuja na laini, halafu laini zaidi, kisha gurudumu la kitambaa. Ukiweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye chuma chenyewe, hapo umefika. Ndiyo maana wakamwita Kioo."

"Na hili bampa?"

"Hili halinunuliwi popote. Gari lenyewe ni la zamani, nadhani hata kiwanda kimeshasahau kama kiliwahi kulitengeneza. Mwenye gari ni dereva mstaafu, alimletea Kioo picha tu. Kioo akalitengeneza kwa bomba. Unajaza bomba mchanga, unaziba, unapasha moto, unakunja. Bila mchanga linabonyea kama mkebe. Halafu unamwaga mchanga, unafunga ncha kwa kuchomelea vizibo, unasugua."

"Asidi inaingia wapi?"

"Ya kutoa kutu na ule weusi wa moto. Analitumbukiza pipani, anatoa, analisuuza na magadi, anasuuza na maji."

"Ndani pia?"

Mpiga kromu alimtazama kwa mara ya kwanza kwa makini. "Hapo umeuliza, afande. Bomba lililofungwa ncha zote lina tumbo. Ukilitia kwenye dawa, dawa inatafuta pa kuingia, hata kwenye kijitundu cha sindano itapenya, na ikiingia haitoki. Kwa hiyo fundi anatoboa matundu mawili, nyuma, chini, pasipoonekana. Kioo alikuwa na neno lake: bomba likinywa, lazima likojoe. Tundu la kunywa, tundu la kukojoa."

Mpelelezi alivaa glavu, akalegeza jiliwa, akaligeuza bampa.

Nyuma hapakuwa na tundu hata moja.

Mpiga kromu aliinama mpaka pua yake ikakaribia chuma. Alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa akapangusa. Chini ya vumbi na grisi vikatokea viduara viwili vya manjano, kila kimoja kama punje ya mahindi, laini kabisa, sawasawa na chuma kilichovizunguka.

"Shaba," alisema. "Yamezibwa kwa shaba."

"Kioo angeziba?"

"Kioo? Bampa likiwa limetoka kwenye asidi? Afande, asidi iliyobaki ndani inaendelea kula chuma, na ikila inatoa hewa. Hewa haina pa kwenda. Halafu mtu alete moto juu yake..." Hakumaliza. Hapakuwa na haja, ncha ya bampa ilikuwa mbele yao.

"Kwa nini alileta moto?"

Mpiga kromu alionyesha upande wa mbele, karibu na mpasuko. "Kishimo hiki. Kidogo kama jicho la sindano. Kromu ingekitangaza. Alitaka kukijaza kabla ya kurudi kwenye mashine."

"Na hakugeuza kuangalia nyuma."

"Nani anakagua tundu alilolitoboa mwenyewe?"

Mpelelezi alimulika tochi ndani ya ule mpasuko. Ukuta wa ndani ulikuwa na unyevu wa njano wenye harufu kali. Mahali palipozibwa, shaba ilikuwa imeteremka ndani kidogo na kuganda, kila tone na ncha yake iliyojikunja, kama kitovu cha mtoto. Alimwita mpiga kromu atazame. Alitazama mara moja tu, akarudi nyuma hatua.

"Nini?"

"Hakuna."

"Umeona kitu."

"Nimeona shaba, afande."

Mpelelezi alirudi kwenye viduara vya nje, akavitazama kwa kioo cha kukuzia. Bampa zima lilikuwa limepita kwenye mashine, mistari yake ikizunguka. Juu ya shaba mistari ilikuwa minyoofu, mifupi, imelala upande mmoja. "Hapa haikutumika mashine."

"Ni tupa," mpiga kromu alisema kwa sauti ndogo. "Ya mkono."

"Mistari inalala hivi. Wewe ukisukuma tupa, italala upande gani?"

Mpiga kromu alisukuma hewa kwa mkono wake wa kulia. Mstari wa hewa ulilala upande wa pili.

"Kwa hiyo ni mtu wa kushoto," Mpelelezi alisema. "Msasa ni wa kushoto?"

"Hapana."

"Unamjua fundi wa kushoto anayetumia tupa?"

Mpiga kromu alivaa kofia yake. "Mimi ni mtu wa kromu, afande. Mambo ya ndani ya nyumba za watu usiniulize. Nimekula kwao, nimeozeshwa nao. Nikuombe ruhusa, nimeacha dawa jikoni."

Alikwenda kwa neno hilo moja, mtu ambaye mtaa mzima ulijua kwamba kuaga kwake huchukua nusu ya asubuhi.

*

Mjane alikuwa kwenye chumba cha ndani, amezungukwa na mawifi na majirani. Alipoona sare aliinuka mwenyewe, akamfuata Mpelelezi uani, wakakaa kwenye ngazi ya nyuma, karibu na ndoo za maji.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa," mjane alisema. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Uliza tu. Wote wanakuja kulia, hakuna anayeuliza."

"Asubuhi ile alikuwaje?"

"Alikuwa na furaha. Ndiyo inayoniua. Alikwenda karakana, akarudi mbio kuchukua miwani, akaniambia: 'Unajua, yule mkorofi ameniandalia bampa. Nililiacha limesimama ukutani linadondosha maji, nimelikuta benchini, limefutwa, limepakwa grisi, limelazwa kama mtoto.' Nikamwambia, Msasa? Akasema, 'Nani mwingine? Damu nzito kuliko maji. Leo nikimaliza nitamwita tule pamoja.'"

"Walikuwa wamegombana?"

"Wiki nzima. Msasa alitaka wachukue kazi nyingi wazimalize haraka, mume wangu alikuwa anakaa na chuma kimoja kama anakiposa. Maneno yakawa mengi. Msasa akasusa, akaenda kwa baba yao." Alifuta pua kwa ncha ya kanga. "Afande, ni kweli yeye ndiye?"

"Siku iliyotangulia, mume wako alipotoka karakana, alifunga?"

"Alifunga. Alikwenda kununua gesi ya akiba."

"Ufunguo mwingine uko wapi?"

"Huu hapa, unatundikwa mlangoni. Hautoki." Akafikiri. "Siku ile ulitoka. Baba mkwe alipita, akasema amesahau kofia yake karakana tangu mwaka juzi." Alikaribia kutabasamu. "Nikampa. Uzee, nikasema. Alikaa huko mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Akarudi mikono imejaa weusi, nikamwekea maji anawe. Alikuwa anacheka peke yake. Nikamuuliza, baba, kofia umeipata? Akasema, kofia gani?"

Ndani mtu alimwita. Mjane aliinuka, akakung'uta kanga yake.

"Baba mkwe alinawa mkono upi kwanza?" Mpelelezi aliuliza.

Mjane alimshangaa. "Wa kushoto. Huwa anafanya kila kitu kwa kushoto, mpaka tunamtania kwamba hata mbinguni atabisha hodi kwa mkono huo. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua tu, mama. Nenda, wanakuita."

*

Msasa alikuwa amekaa chini mahabusu, mgongo ukutani. Chakula kilikuwa mbele yake, hakijaguswa. Mpelelezi alivuta kiti, akakaa. Juu ya magoti yake aliweka tupa moja ya zamani, aliyoazima kutoka karakana.

"Niambie ulivyomuua."

"Nimeshasema."

"Umesema umemuua. Hujasema ulivyomuua."

"Niliziba yale matundu ya bampa. Nilijua ataleta moto."

"Uliziba kwa kitu gani?"

"Kwa shaba."

"Vizuri. Ukalainisha kwa kitu gani?"

Alisita. "Kwa tupa."

"Mashine iko pale, inamaliza kazi kabla hujameza mate. Wewe ndiye unayemgombeza kaka yako kwa kuchelewa. Leo umekuwa mtu wa tupa?"

"Sikutaka kelele."

"Jibu zuri hilo." Akampa tupa. "Nionyeshe."

Msasa aliipokea kwa mkono wa kulia. Akaiangalia. Polepole akaihamishia kushoto, akajaribu kusukuma juu ya ukingo wa kiti, na tupa ikacheza kama kijiko mkononi mwa mtoto mchanga. Aliendelea kujaribu. Ilikuwa vigumu kumtazama, na Mpelelezi alimtazama.

"Basi," alisema mwishowe. "Basi, ndugu yangu. Weka chini."

Msasa aliweka chini. Uso wake ulikunjamana.

"Ulijua lini?"

"Niliposikia nikakimbia. Nikachungulia kwenye mpasuko, nikaona vile vitovu vya shaba. Hakuna anayeviacha hivyo isipokuwa yeye. Alitufundisha wote wawili, hakuna aliyeweza kuiga. Alikuwa anasema, shaba ikikuachia kitovu ujue imeshika." Alikohoa. "Afande, mzee hajui. Anadhani ni mtungi. Nakuomba kwa heshima yako, andika ni mimi. Sina mke, sina mtoto. Nitakaa ndani, hakuna atakayepungukiwa."

"Unamlinda baba yako."

"Simlindi! Mimi ndiye nilimtuma."

Mpelelezi alisogeza kiti karibu naye.

"Nilikwenda kwake na hasira. Nikamwambia, baba, huyu mwanao unayemsifu, kazi yake siku hizi imejaa matundu. Nilikuwa nasema ucheleweshaji, wateja kukimbia, mambo yote yale. Ni msemo tu! Mzee akaniuliza, matundu gani? Nami sikutaka kueleza, nilitaka kumuumiza kaka tu. Nikamwambia, nenda kaangalie mwenyewe." Aligonga kisogo chake ukutani, taratibu, kama anayebisha hodi. "Akaenda. Akaangalia."

Nje ya mlango askari walikuwa wakicheka kuhusu mpira. Mpelelezi aliinuka akaufunga vizuri.

"Kwa nini hakujua matundu ni ya nini? Si fundi?"

"Mzee alifua bati bapa maisha yake yote. Bampa la zamani lilikuwa ganda tu, halina tumbo. Kazi ya bomba ni ya kaka, aliianza mzee akiwa ameshastaafu kwa sababu ya macho." Alimtazama. "Ukimwambia utamuua na yeye. Mwache aende kaburini na mtungi wake."

"Na wewe ukihukumiwa, ataambiwa nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Yaani mwana wake mmoja ameviziwa na mwenziwe kama panya, na yeye ndiye aliyewalea wote wawili. Hayo ndiyo unayotaka aende nayo kaburini?"

Msasa aliinamisha uso magotini.

"Wewe hukumuua mtu," Mpelelezi alisema. "Yeye pia. Lakini siwezi kukutoa bila neno lake, na sitamwibia neno hilo kwa hila. Nitamwambia."

"Nisaidie basi kitu kimoja."

"Sema."

"Usimwambie kwamba ulikuwa msemo."

Mpelelezi aliokota tupa. "Hilo," alisema, "utamwambia mwenyewe au hutamwambia. Si kazi yangu."

*

Mzee aliishi chumba kimoja na sebule, nyuma ya duka la kushona. Alimfungulia Mpelelezi mlango, akamkaribisha kwenye kiti chenye mto, yeye akakaa kitandani. Mikono yake ilitetemeka kidogo ikiwa tupu. Alipomimina chai, kwa mkono wa kushoto, haikutetemeka.

"Kunywa, mwanangu. Umekuja kuhusu mdogo."

"Nimekuja kuhusu wote, mzee."

"Wanasema ameua. Mimi nimewazaa wale. Yule mdogo ana mdomo, lakini mkono wake haujawahi kumpiga hata paka. Muulizeni vizuri."

"Nimemuuliza vizuri." Aliweka kikombe chini. "Mzee, siku moja kabla ya msiba ulikwenda karakana."

Mzee alitazama mlango, kama kuna mtu angeweza kusikia. Kisha akainama mbele, na usoni mwake, katikati ya huzuni yote ile, kikaja kitu kidogo cha furaha ambacho Mpelelezi angeshukuru kutokiona.

"Nilikwenda kumsitiri mwanangu," alinong'ona. "Mkwe nilimdanganya nimefuata kofia. Mdogo alikuja hapa akaniambia kazi ya kaka yake ina matundu. Sikulala. Nikasema, mwanangu yule, ambaye chuma chake unajitazama? Nikaenda kuona kwa macho yangu, haya mabovu. Kweli, nikapapasa, matundu mawili, mgongoni mwa bampa. Nikasema drili imemteleza. Mimi pia iliwahi kuniteleza, nikajifanya sijui, fundi wangu akanizaba kibao mbele ya wateja. Wangu sikutaka azabwe kibao na mtu."

"Ukafanya nini?"

"Nikawasha gesi. Nikayajaza shaba, taratibu, kwa kupapasa na kwa jicho moja. Nikapiga tupa mpaka ukipitisha kidole huhisi. Halafu nikapaka grisi kote asione rangi ya shaba."

"Bampa lilikuwa kavu, mzee?"

"Lilikuwa linadondosha maji maji. Nililifuta kwa kitambaa." Akaangalia mikono yake. "Aliona?"

"Hakuona."

"Afadhali," mzee alisema. "Mtoto asijue kwamba baba ameliona kosa lake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Mpelelezi alikuwa amebeba habari mbaya kwenye nyumba nyingi, na alikuwa na namna yake ya kuzisema. Namna ile haikufaa pale. Alihama kiti akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kando ya mzee, si mbele yake.

"Mzee, yale hayakuwa makosa. Aliyatoboa kwa makusudi."

"Makusudi gani?"

Akamweleza. Alitumia maneno ya mpiga kromu, tumbo la bomba, dawa inayoingia na lazima itoke, hewa, moto. Hakuharakisha wala hakuzunguka. Mzee alisikiliza kama fundi anavyosikiliza kazi mpya, akitikisa kichwa kila hatua, ndiyo, ndiyo, bomba, kweli, halina pa kupumua, mpaka akafika mwisho wa maelezo, na kichwa kikasimama.

Muda mrefu kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilisugua kidole cha shahada, mbele na nyuma, kama kinachojaribu kuhisi kitu pale.

"Yale maji maji," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Nililifuta nje."

Mpelelezi alitikisa kichwa kukubali.

"Mdogo anajua?"

"Yeye ndiye wa kwanza kujua. Aliona shaba yako."

"Ndiyo maana yuko ndani."

"Ndiyo maana alijipeleka."

Mzee aliinuka. Ilimchukua mara mbili. Alitafuta viatu chini ya kitanda kwa mguu, akavivaa bila soksi, akachukua fimbo kisha akaiacha.

"Twende ukamtoe mtoto wa watu," alisema.

*

Maelezo ya mzee yaliandikwa kituoni, na aliyasema yote tena kwa askari mwandishi, hata ile ya kitambaa, bila kuulizwa. Alikataa kiti. Alipomaliza aliweka alama ya kidole, na kidole chenyewe kilikuwa kimesuguliwa na kazi kiasi kwamba mwandishi alirudia mara mbili kupata mistari.

Msasa aliletwa. Alisimama mbali kidogo na baba yake, mikono nyuma kana kwamba bado ana pingu.

"Baba."

"Ulisema matundu," mzee alisema.

"Nilisema, baba."

"Na mimi nikayaziba."

Msasa alitikisa kichwa. Midomo yake ilicheza, lile neno kwamba ulikuwa msemo tu likafika ukingoni. Mzee aliinua mkono, ule wa kushoto, si kwa kumpiga wala kumbariki, kumnyamazisha tu. Kisha akamshika kwenye mkono wa shati kama kipofu anavyomshika mtu barabarani, wakatoka.

Mpelelezi aliandika kwamba ni ajali, akafunga jalada. Wakubwa wake waliuliza kwa nini mtu asiye na kosa alilala mahabusu na jina lake likachafuliwa mtaa mzima. Akajibu kwamba saini ilikuwa yake. Aliwafuata majirani mmoja mmoja, akianza na muuza mkaa, akawaambia kwamba Msasa hakufanya kitu. Wengine walimwamini.

Mjane aliambiwa na mzee mwenyewe. Mzee alikataa kuingia ndani, alisimama kizingitini na kusema yote akiwa kwenye jua. Mjane alisikiliza hadi mwisho, akamwambia "nimesikia, baba," akaufunga mlango. Mpaka leo hajawafungulia.

Karakana imechukuliwa na fundi wa baiskeli. Msasa amehamia kwa baba yake. Yeye hupika, mzee huosha vyombo.